Mkunga na Mpira wa Katikati

Wako watu wanaolalamika maisha yao yote, na wakafa wamekosea. Mkunga alilalamika kwa misimu kumi na mmoja, akawa na haki katika yote kumi na mmoja, na mwishowe haki yake ikamjia hadharani, Jumamosi mchana, mbele ya watu waliovaa kofia za sufu. Naandika habari zake kwa furaha, wala sitajisingizia huzuni isiyokuwapo.

Tulimwita Mkunga kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya katika hospitali moja ya Toronto hadi alipostaafu, na kwa sababu nusu ya watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu walipokelewa na mikono yake. Watoto hao aliwasemesha Kiswahili cha Pwani, nao wakamjibu kwa Kiingereza, na pande zote mbili zikaelewana bila mkalimani. Mimi aliniita Daktari, na hakuchoka kuwaeleza wageni ni daktari wa namna gani. "Huyu ni daktari wa tenzi za kale," alikuwa akisema. "Ukikohoa mbele yake, atakuhesabia mizani."

Alichokipenda kuliko vyote, baada ya Mungu na binti yake, kilikuwa timu ya chuo kikuu kimoja cha mjini, na mchezo wenyewe ni ule mpira wa Kikanada unaochezwa kwa mikono zaidi ya miguu, wenye mpira uliochongoka ncha zote mbili kama papai changa. Kwa msomaji asiyeujua, kanuni moja inatosha. Timu yenye mpira hupewa majaribio matatu ya kusogea yadi kumi. Ikishindwa, mpira huenda kwa adui. Unaweza kuusogeza kwa kumkabidhi mbebaji akimbie nao, au unaweza kuurusha mbali, hewani, kwa mwenzako aliye pembeni. Uwanja ni mpana mno. Timu ya Mkunga iliutumia upana huo kama mtu anayemiliki nyumba ya vyumba tisa akalala ukumbini.

Jaribio la kwanza walimkabidhi mbebaji, naye akajitumbukiza katikati, kwenye rundo la miili, akapata yadi mbili. La pili, katikati tena. La tatu waliupiga mpira teke kuurudisha kwa adui, wakatoka uwanjani wakitingisha vichwa kana kwamba wamefikwa na jambo la ajabu.

"Katikati," Mkunga alisema kabla mpira haujaguswa. Ukaenda katikati. "Katikati tena." Ukaenda tena.

Alichokitaka kilikuwa kimoja, nacho hakikubadilika tangu nilipomfahamu: kuiona timu yake, kwa macho yake mwenyewe, ikirusha mpira mrefu pembeni katika jaribio la kwanza, pale ambapo dunia nzima inangojea katikati. Hakuomba kombe. "Kombe ni la kabatini," alisema. "Mimi nataka kushtuka."

Nilimuuliza siku moja imekuwaje mwanamke wa umri wake akashikwa na mchezo huu. Alijibu kwamba Jumamosi moja, alipotoka zamu, miguu ilimuuma, na uwanja ulikuwa karibu kuliko kituo cha tramu. Aliingia kutafuta mahali pa kukaa. "Nikaona watu wanasukuma, wanahema, wanatoka jasho, na mmoja pembeni anawapigia kelele: bado kidogo, bado kidogo! Nikajua nimerudi kazini."

Toka hapo hakukosa. Na hapa sharti nieleze ukinzani wake ulio wazi kuliko wote, kwa kuwa yeye mwenyewe aliujua na hakuuonea haya. Mwanamke huyu aliyewalaumu vijana kwa kurudia jambo moja alikuwa na maisha yaliyonyooka kama rula. Basi lile lile kutoka Don Mills. Kiti kile kile, safu ya tisa, upande wa jua. Mahamri yale yale yaliyofungwa kwenye kitambaa, na chai ya iliki kwenye chupa. Nilipomkumbusha hayo, alinikazia macho juu ya miwani.

"Daktari, hamri lina adui?"

"Halina, Mama."

"Kuna mtu amesimama mbele ya hamri kulizuia lisiumuke?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza ule."

Tena alikuwa mpole asiyeweza kuvumilia kumwona mtu ameumizwa. Mchezaji alipoanguka asiinuke, Mkunga alishika saa yake ya mkononi, ile ya uuguzi yenye mshale wa sekunde, akahesabu kwa midomo mpaka kijana apige goti. Hakujali ni wa timu gani. Lakini huruma hiyo iliishia kwenye mstari wa kocha wa mashambulizi, mtu mrefu mwenye karatasi iliyofunikwa plastiki, ambayo alijizibia mdomo nayo kila alipotoa maagizo, adui wasiusome. "Anaficha nini?" Mkunga aliuliza kila wiki. "Mtu anaficha siri ambayo hata mimi mwenye mahamri ninayo."

Wanafunzi waliokaa karibu naye walimpenda. Hawakujua Kiswahili, lakini neno moja walilijua, na kila jaribio la kwanza safu tatu nzima ziliinuka naye na kupaza sauti, "Ka-ti-ka-ti!" Sijui kama neno hilo limewahi kutamkwa na wasiolijua kwa ufasaha mkubwa zaidi. Zoezi hilo lilidumu mpaka siku ya mechi ile ambayo beki mmoja wa wageni alimfikia mbebaji wetu kila mara kabla hajapiga hatua ya pili. Baada ya kipenga cha mwisho beki huyo alipanda ngazi hadi safu ya tisa, kofia ya chuma kwapani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi," alisema, kisha akaendelea kwa Kiingereza cha Brampton, mji wa jirani, akamshukuru sana. Bibi yake mwenyewe alikuwa akimsemesha Kiswahili nyumbani tangu utoto. Yeye kukijibu hajui, ila kukisikia anakisikia vizuri mno. Mkunga alikuwa amekosea kama tunavyokosea wote huku, kwa kudhani kwamba mtoto asiyejibu hasikii.

Aliitikia marahaba, akampa hamri, na hakupaza sauti tena uwanjani. Wanafunzi walisikitika. Yeye alisema kwa ukali kwamba hawezi kuwa mkunga wa timu mbili katika chumba kimoja. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi.

Karatasi hizo nimeziona kwa makini, nami ni mtu niliyezoea kusoma maandishi ya wengine. Wakunga wana chati wanayoiita patografu, ambayo juu yake huandikwa, saa baada ya saa, jinsi uchungu wa mama unavyoendelea. Ina mistari miwili iliyoinama. Wa kwanza ni wa tahadhari. Wa pili ni wa hatua: alama zikiuvuka huo, hakuna tena kungojea, sharti kitu kibadilishwe. Mkunga alichora chati ya namna hiyo kwa kila mechi. Mahali pa saa aliweka majaribio. Mahali pa kufunguka kwa njia ya uzazi aliweka yadi. Chini, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, aliandika mpira ulikokwenda: kati, kati, teke. Kati, kati, teke. Na katika kila karatasi alama ziliuvuka mstari wa hatua kabla ya mapumziko, nazo zikaendelea kutambaa kwenda kulia bila mtu kuchukua hatua yoyote.

"Huu ni uchungu uliokwama," aliniambia. "Ningemwacha mama hivi zamu nzima, wangeninyang'anya leseni."

Nilijaribu kumtetea kocha. Nilisema labda anaamini subira. Haba na haba hujaza kibaba. "Kibaba kikiwa hakina tundu," alijibu. Nikasema, kwa kujikweza kidogo, kwamba hata shairi hurudia kina kile kile ubeti baada ya ubeti, na halichoshi. Aliifikiria hoja yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Kwenye shairi najua kina kinachokuja, ila neno silijui, ndiyo maana nasikiliza," alisema. "Kwa hawa najua kina, najua neno, najua hata mtu atakapovuta pumzi."

Tangu siku hiyo nimelirudia jibu hilo darasani mara nyingi, na si kila mara nimetaja nilikolipata.

Ndipo alipoamua kumwandikia kocha. Kiingereza alikijua, lakini alisema Kiingereza chake ni cha wodini, cha kumuuliza mtu maumivu yako wapi. Cha kumshtaki mtu hana. Angeandika kwa Kiswahili, nami nitafsiri. Nilikubali kwa fahari. Na hapa nakiri kosa langu, maana bila kosa hilo ushindi wake usingechelewa hivyo.

Barua yake ya kwanza ilianza hivi: "Kocha, unausukuma mlango uliofungwa, na ufunguo umo mfukoni mwako. Nimekutazama misimu minane. Huna ubaya, ila una woga." Niliyaandika maneno hayo kwa Kiingereza nikayatazama, yakanitisha. Nililelewa kwamba barua kwa mtu usiyemjua hutanguliza salamu, hali, na dua; lawama, ikiwa lazima, huja mwishoni, imevikwa kanzu. Basi nikaivika. Nikaanza na shukrani. "Woga" ukawa "tahadhari". "Unausukuma mlango uliofungwa" ikawa "tunastaajabia uvumilivu wenu". Nilipomaliza ilikuwa barua nzuri sana, yenye mpangilio wa sentensi niliojivunia, wala haikuwa na lawama hata moja ndani yake. Chati sikuziambatisha, niliona zitaonekana kama ushahidi wa mahakamani.

Kocha alijibu kwa kadi ya shukrani. Mkunga aliigeuzageuza. Msimu uliofuata aliandika kwa ukali zaidi, nami nikatafsiri kwa upole zaidi, na jibu likaja na kofia yenye nembo ya timu.

"Daktari, mtu unamwambia ana jipu, yeye anakutumia kofia?"

"Pengine amekubali, Mama."

"Amekubali nini? Jana: kati, kati, teke."

Msimu wa tatu, baada ya barua ya tatu, timu ilimfanya shabiki wa heshima. Alialikwa asimame kwenye kiti chake wakati wa mapumziko, jina lake litajwe kwenye vipaza sauti. Alivaa koti lake jekundu la Krismasi. Sauti ya kike ikatangaza kwamba katika safu ya tisa yuko muuguzi mstaafu ambaye barua zake huwatia moyo wachezaji wote, kisha ikasoma: "Tunastaajabia uvumilivu wenu wa kushambulia katikati, na tunawasihi msiiache tahadhari hiyo."

Watu walipiga makofi. Mkunga alikuwa amesimama, mkono umeinuliwa kuwapungia. Mkono ule ulibaki juu. Kisha akageuza shingo polepole akaniangalia.

"Daktari," alisema, "uvumilivu niliandika wapi?"

"Mama, niliona nikiiweka kama ulivyoiandika, atakasirika."

"Nani aliyekutuma umwonee huruma?"

"Ilikuwa adabu tu. Mtu humjui, mzima na cheo chake, unamwambia ana woga..."

"Adabu!" Aliketi. Watu wa safu ya nane walitugeukia. "Adabu ni kumwambia mama kwamba mtoto ametanguliza makalio, mapema, kungali kuna la kufanya. Wewe umekaa miaka mitatu ukimwambia, hongera, mtoto anacheza vizuri. Nikidhani hawanisikilizi! Kumbe hawajawahi kunisikia!"

 Alifungua chupa ya chai akajimiminia yeye peke yake. Katika basi la kurudi, ambalo nililipanda ijapokuwa si langu, alizungumza akitazama mbele, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya zamu.

Alisema ana presha ya macho. Hilo nilikuwa silijui. Daktari wa macho alikuwa amempimia tena wiki ile: pembeni kunafungwa, kulia na kushoto, taratibu, dawa zinachelewesha, hazirudishi. Kilichobaki wazi ni katikati. Binti yake alikuwa akimtayarishia chumba nyumbani kwake Markham, nje ya jiji, na msimu ujao ungekuwa wake wa mwisho wa kuja uwanjani peke yake na pengine wa kuja akaona kitu.

"Sasa nimekuwa kama kocha," alisema. "Naona katikati tu."

Alicheka yeye. Mimi nilishindwa.

Jumatatu niliketi mezani kwake Don Mills. Aliweka mbele yangu barua zote tatu za asili na rundo la chati, tukaanza upya, neno kwa neno. Nilipoandika "tahadhari" kwa mazoea, kidole chake kilitua juu ya neno. "Woga," alisema. Nikaandika woga. Nilipotaka kufungua kwa salamu, aliniruhusu moja, fupi, "kwa kuwa hatukulala nyumba moja yeye na mimi." Tulipomaliza ilikuwa kurasa mbili, kavu, bila kivumishi hata kimoja cha ziada, na mwisho wake uliuliza swali ambalo mkunga yeyote angemuuliza mwanagenzi: alama zilipouvuka mstari, ulifanya nini? Chati ziliingia zote kwenye bahasha. Nimehariri maandiko mengi maishani. Hakuna nililolisafisha kwa usahihi kama lile.

Jibu lilichukua mwezi mzima. Safari hii hapakuwa na kadi wala kofia. Ilikuwa karatasi ya kawaida, mwandiko wa mkono, mistari miwili: "Nimezisoma chati zote, nikazilinganisha na kanda zetu za video. Sikufanya chochote. Una haki." Aliisoma mwenyewe, akaisogeza karibu, akaisoma tena, kisha akainuka kuweka maji ya chai, na mgongo wake ulionekana wa mtu aliyepunguziwa miaka ishirini.

Nilimwona uwanjani kwa mara ya mwisho katika mechi ya mwisho ya nyumbani ya msimu uliofuata. Binti yake alimshusha kwa gari kutoka Markham, nami nikamshika mkono kwenye ngazi, maana kingo za vidato zilikuwa zimekwisha kumpotea. Mvua ilikuwa imeacha. Majani mekundu yaligandana kwenye viti. Hakuleta chati. "Nilishatoa taarifa yangu," alisema. "Aliye zamu ni yeye."

Mpaka robo ya nne hakuna lililobadilika machoni petu. Msimu wote kocha alikuwa amejaribu mambo madogo madogo, pasi fupi hapa, mbio za ubavuni pale, lakini si lile. Tulikuwa nyuma kwa alama nne. Tulipata mpira karibu na nusu ya uwanja, jaribio la kwanza. Kocha alikuwa amesimama mbele yetu chini, na karatasi yake ya plastiki ilining'inia mkononi, mdomo hakuuziba.

Mkunga aliniegemea. "Katikati," alininong'oneza, kwa uchovu wa mtu aliyeisema sala yake mara nyingi mno.

Mrushaji alipokea mpira, akageuka, akamnyooshea mbebaji. Mbebaji akakunja mikono tumboni, akainama, akatumbukia katikati, na timu nzima ya adui ikamwangukia kama ukuta. Niliusikia mshindo. Mkunga alikuwa amelikazia rundo lile macho yake yote, yale machache aliyobakiwa nayo.

"Yadi mbili," alisema.

"Mama."

"Mbili na nusu, tukiwa wakarimu."

"Mama, hana mpira!"

Mrushaji alikuwa amesimama peke yake nyuma, mpira umefichwa kwenye paja. Aliinua mkono, akaurusha. Ulipanda juu ya rundo, juu ya taa, ukaelekea pembeni kulia, mbali, ambako kijana wetu mmoja alikuwa akikimbia bila kiumbe karibu naye. Uwanja ulivuta pumzi.

"Uko wapi?" Mkunga alinishika mkono kwa kucha. "Umekwenda wapi? Siuoni!"

"Kulia, Mama! Kulia kabisa! Ameudaka!"

Kelele zilizopasuka hapo sijawahi kuzisikia tena. Mkunga aliinuka. Aligeuza uso wake wote kulia, taratibu, kama mtu anayegeuza taa, akipekua nyasi kipande kwa kipande, mpaka akamfikia kijana yule ng'ambo ya mstari wa mwisho, amelala chali chini ya wenzake wanaomrukia.

"Nimekosea!" alipaza sauti, kwa Kiswahili, mikono juu, machozi yakimshuka. "Jamani, nimekosea! Umenipita! Umenipita kabisa!"

Wanafunzi hawakuelewa neno hata moja, wakamkumbatia wote.

Tulishinda mechi ile. Lakini kabla ya kipenga, tulipoupata mpira tena, wachezaji walipojipanga na uwanja ukanyamaza, nilimuuliza, kama nilivyomuuliza kwa miaka yote, utakwenda wapi. Mkunga alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti, kiwiliwili mbele, akitabasamu kwa meno yote, akipeleka kichwa kushoto, kulia, kushoto.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sijui! Sijui hata kidogo!"